Gesi Isiyo na Harufu

Mwaka niliomaliza fom fo, mjomba alinichukua niwe mtu wake wa mkono. Yeye ni fundi wa friji. Si hizi za nyumbani za kuweka maziwa na soda, ni zile kubwa: vyumba baridi vya buchari, makabati ya vioo ya supamaketi, mashine za barafu za wauza samaki. Kazi yangu ilikuwa kubeba mtungi, kushika tochi na kunyamaza.

Siku moja tuliitwa kwenye buchari fulani karibu na soko la Burma, Nairobi. Chumba baridi kilikuwa kimekataa kupoa tangu usiku, na ndani nyama ya ng'ombe wanne ilikuwa inaning'inia. Mwenye buchari alisimama mlangoni akitazama saa yake kila baada ya dakika. Mjomba alipapasa mabomba, akasikiliza kompresa, akasema kichujio kimeziba. Kikatwe, kiwekwe kingine. Kazi ya saa mbili hivi. Kisha akainama nyuma ya mashine, akaniambia nimulike, akaguna.

"Angalia," alisema. "Kuna mtu alikuja hapa na plaizi."

Alikuwa ananionyesha valvu ya njia tatu, kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto. Shina lake hutengenezwa na pembe nne ili lizungushwe kwa spana maalum. Hili lilikuwa limetafunwa mpaka likawa mviringo. Halikuzunguka kulia wala kushoto. Na kwa sababu hiyo tu, kilo sita za gesi zilizokuwa ndani ya mashine hazikuwa na mlango wa kufungiwa.

Nilichukua miaka kadhaa kuelewa kwa nini aliguna vile. Ili kuelewa, ilibidi nirudi nyuma karibu miaka mia mbili.

Kwanza, valvu yenyewe. Fikiria nyumba yenye milango mitatu na bawabu mmoja. Mlango wa kwanza unatazama tangi, mahali ambapo gesi iliyopozwa ikawa majimaji hukusanyika. Wa pili unatazama bomba linaloenda kwenye chumba baridi. Wa tatu ni mdogo, wa kufungia geji. Ukizungusha shina kinyume cha saa hadi mwisho, mlango wa geji unafungwa na gesi inaendelea na safari zake. Mashine inayofanya kazi huachwa hivyo. Ukilizungusha upande wa saa hadi mwisho, tangi linatengwa na njia ya kwenda chumbani. Ukiliacha katikati, milango yote iko wazi na geji inasoma presha.

Uzuri wa kitu hiki unaonekana siku ya kurekebisha. Fundi anafunga njia ya kutoka tangini huku kompresa ikiendelea kuzunguka. Kompresa inavuta gesi yote iliyobaki kwenye mabomba na kuisukuma mpaka tangini, na huko inakwama. Geji ya upande wa kuvuta ikikaribia sufuri, fundi anazima mashine na kufunga valvu ya kompresa ili gesi isirudi. Sasa anaweza kukata bomba, kubadilisha kichujio, kuchomelea, kufunga. Akimaliza, anafungua valvu na gesi ile ile inarudi kazini. Hakuna kilichopotea.

Swali ni hili: kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Mbona asifungue tu nati na kuiacha iende?

Zamani hakuna aliyeuliza, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye pua. Mwaka 1834, Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya mashine ya kuleta baridi kwa kukandamiza mvuke na kuurudisha tena na tena katika mzunguko uliofungwa. Alitumia etha, kitu kinachoshika moto upesi sana. Miaka ya 1870, Mjerumani Carl von Linde akaunda mashine za amonia, na viwanda vya bia na vya barafu vikazipokea kwa mikono miwili. Amonia inapoza vizuri ajabu, lakini ikivuja, macho yanawaka na kifua kinabana. Inaweza kuua. Fundi wa amonia hakuhitaji kuhubiriwa kuhusu valvu. Valvu mbovu ilikuwa inamtafuta yeye mwenyewe.

Friji zilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1920, hatari iliingia nazo jikoni. Nyingine zilitumia dioksidi ya salfa, yenye harufu kali inayokutoa mbio nyumbani. Nyingine zilitumia kloridi ya methili, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu harufu yake ni hafifu. Mwaka 1929 watu kadhaa mjini Chicago walikufa baada ya gesi hiyo kuvuja kwenye friji zao. Huko Berlin, Albert Einstein alisoma gazetini habari za familia nzima iliyouawa usingizini na gesi ya friji. Yeye na mwanafizikia mwenzake Leo Szilard wakakaa chini kubuni friji isiyo na kompresa wala vipande vinavyocheza, ili kusiwe na pa kuvujia. Walipata hataza ya Marekani mwaka 1930. Ndiyo, Einstein yule yule wa nywele. Alikuwa na wazo zuri, lakini kuna mtu alikuwa tayari na dawa nyingine.

Mtu huyo ni Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, kampuni iliyomiliki friji za Frigidaire. Yeye na wenzake walitafuta gesi isiyoungua, isiyo na sumu na isiyo na harufu ya kusumbua. Wakaipata katika mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini, jamii ya gesi zinazoitwa CFC, ambazo dunia ilizijua kwa jina la biashara, Freon. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia, Midgley alivuta gesi hiyo mapafuni kisha akaipuliza polepole kwenye mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazima. Midgley akabaki amesimama, mzima kabisa. Ujumbe ukawa umefika: haiui, haiwaki.

Na kweli, iliokoa maisha. Tusimcheke mtu aliyefurahia friji isiyoweza kumuua mwanawe usiku. Lakini gesi ile ilibadilisha kitu kingine ambacho hakuna aliyekiandika kwenye hataza. Ilibadilisha mkono wa fundi. Gesi haina harufu, haikuumizi, na bei si mbaya. Basi kwa nini upoteze nusu saa kuisukuma tangini? Fungua nati, pshhh, endelea na kazi. Mafundi waliipitisha mabombani kupuliza uchafu kama mtu anayepuliza vumbi mezani. Kwa miongo minne na zaidi, fundi mmoja akamfundisha mwenzake hivyo, na mwenzake akamfundisha mwingine. Valvu ya njia tatu ilibaki pale pale kwenye mashine, lakini kazi yake moja kubwa ikasahaulika. Ikawa mahali pa kufungia geji tu.

Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California waliuliza swali rahisi: gesi hizi zote zinaenda wapi? Jibu lao lilikuwa kwamba hazifi. Sifa ile ile iliyozifanya salama jikoni, yaani kutoungana na chochote, inazifanya zipande taratibu mpaka juu kabisa, ambako jua kali linazivunja na kuachilia klorini. Klorini nayo inavunja ozoni, ngao inayotukinga na miale ya urujuanimno, na chembe moja inaweza kumaliza maelfu kwa maelfu ya chembe za ozoni kabla ya kutulia. Wenye viwanda walibisha. Kisha mwaka 1985, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, Waingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika, wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua huko, ozoni ilikuwa inapungua kupita kiasi. Lile tunaloita tundu la ozoni.

Hapa ndipo habari inapofika Nairobi. UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lina makao yake Gigiri, na lilikuwa likiongozwa na Mmisri Mostafa Tolba, mwanasayansi aliyezikalisha serikali na wenye viwanda meza moja. Tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Baadaye kila nchi duniani ikajiunga, jambo lisilotokea kila siku. Mpaka leo sekretarieti yake iko Gigiri. Ukipanda matatu ya kwenda Ruaka, unaipita.

CFC zikaondolewa: nchi tajiri kufikia 1996, nchi kama zetu kufikia 2010. Zikaja gesi nyingine. R-22 ilikuwa na klorini kidogo. R-134a na R-404A hazina klorini kabisa, na ozoni ikapumua. Lakini kumbe nazo zina lao. Kilo moja ya R-404A ikifika angani hunasa joto karibu mara 4,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, ukihesabu kwa miaka 100. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kuzipunguza hizo pia.

Na kinachokuja badala yake ni nini? Amonia ile ya Linde. Kaboni dioksidi, yenye presha ya kutisha. Na propani, ambayo ni sehemu ya gesi tunayopikia nyumbani. Baada ya miaka 90 ya kutafuta gesi ambayo fundi hana haja ya kuiogopa, tunarudi kwenye zile za kuogopwa, na tunahitaji tena mafundi wanaojua kufunga mlango.

Sasa turudi Burma.

Gesi iliyokuwa kwenye mashine ile ilikuwa R-404A. Kulikuwa na njia moja ya kuiokoa: mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi mtungini. Mjomba hakuwa nayo. Rafiki yake alikuwa nayo, upande wa pili wa mji, na angeweza kuileta jioni. Mjomba alimweleza mwenye buchari.

"Fundi," yule mzee alijibu, "nyama haingoji jioni."

Alikuwa na haki. Ng'ombe wanne ni pesa, na pengine ilikuwa mtaji wake wote. Mjomba alinyamaza kidogo, akachukua spana, akalegeza nati. Pshhh. Iliendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakukuwa na harufu. Niliona ukungu mweupe mdomoni pa bomba, barafu nyembamba ikijijenga kwenye nati, kisha kimya. Mwenye buchari alituletea chai.

Miaka baadaye nilipiga hesabu. Kilo sita mara karibu 4,000: zaidi ya tani 23 za kaboni dioksidi. Ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 10,000 za petroli, kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai. Na chanzo chake hakikuwa kiwanda wala tajiri yeyote. Kilikuwa plaizi, mkononi mwa mtu aliyekuwa na haraka au aliyekosa spana ya kufaa.

Nilimwambia mjomba hesabu hiyo. Sikutaka kumlaumu, lakini nadhani ilisikika hivyo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Unafikiri sikujua? Kwa nini nilikuonyesha lile shina?"

Basi nikakumbuka mchana uliobaki wa siku ile, ambao nilikuwa nimeuweka kando kwa sababu hakuna kilichotokea. Gesi ilikuwa imeshatoka, kwa hiyo alikata kichujio na valvu pia, akaweka vyote vipya, na valvu alinifundisha pole pole ingawa mwenye duka alikuwa akihema nyuma yetu. Alivungia kitambaa kilicholowa maji kwenye mwili wa valvu kabla ya kuchomelea, joto lisiharibu sili za ndani. Alipitisha nitrojeni taratibu ndani ya bomba wakati moto unawaka, kusudi kusijengeke magamba meusi ya kuja kuziba kichujio kipya. Alipima uvujaji kwa nitrojeni, akavuta hewa yote, kisha ndipo akajaza gesi. Alinionyesha kulegeza kidogo nati inayoshika shina kabla ya kulizungusha, na kuikaza tena baadaye. Alinionya nisifunge kamwe valvu ya upande wa kusukuma wa kompresa inapozunguka, kwa maana presha haitakuwa na pa kwenda na kitu kitapasuka. Alinifanya nizungushe shina mwenyewe: nyuma, katikati, mbele. Mara tano. Mwisho akarudisha kifuniko juu ya shina akakikaza, akisema wengi hukitupa wakidhani ni urembo, kumbe nacho kinazuia uvujaji.

Saa kumi jioni chumba kilianza kupoa. Mjomba alikusanya vifaa, akahesabu pesa, kisha akarudi nyuma ya mashine na kalamu nene. Akaandika kwa herufi kubwa kwenye bati, juu kidogo ya valvu, mahali ambapo fundi atakayefuata hawezi kukosa kuona:

SPANA TU. USILETE PLAIZI.