Homa Bila Malaria: Historia ya Dawa Tunazowapa Watoto Wetu Visiwani



Leo tuzungumze homa. Simaanishi ile ya kukimbizana usiku hadi Mnazi Mmoja, bali homa ya kila siku: mtoto amelala vizuri, alfajiri unamgusa paji la uso linachoma, anakohoa, uji hautaki. Unamfunga kanga, unakwenda kupanga foleni kituoni. Atakachopewa hapo kina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapa hapa kwetu, katika vituo vidogo vya shamba. Watoto waliohesabiwa humo ni wa kwetu.

Kwa mama zetu, homa ilikuwa ni malaria, basi. Hadubini zilikuwa chache, na hata penye hadubini foleni ilikuwa ndefu kuliko subira ya mtoto mwenye degedege. Mhudumu aliandika klorokwini na mama akaenda zake. Tusiwacheke. Mahali ambapo malaria imejaa, kumpa dawa kila mtoto mwenye homa kunaokoa roho, na ndivyo hata wakubwa wa afya duniani walivyoelekeza kwa miaka mingi. Unguja na Pemba ziliwahi kuwa na mradi mkubwa wa kuitokomeza malaria, ukasimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua na vidonge vile vichungu. Waliovimeza wanaukumbuka mwasho wake: unajikuna mpaka asubuhi, na bibi anakwambia huo ndio ugonjwa unatoka.

Kisha klorokwini ikafa. Nasema ikafa kwa sababu sijui neno jingine. Vimelea viliizoea, watoto wakawa wanamaliza dozi na homa inarudi. Mwaka 2003 Zanzibar ikaiacha na kuanza kutoa dawa mseto, bure, katika vituo vya serikali. Halafu vikaja vyandarua vyenye dawa na mwaka 2006 upuliziaji wa majumbani, ule wa kutoa vyombo vyote uani. Wilaya ya Kaskazini A, watafiti walipohesabu vifo vya watoto chini ya miaka mitano, walikuta vimepungua kwa asilimia 52 kati ya mwaka 2002 na 2005. Rudia kuisoma namba hiyo. Nusu ya maziko ya watoto, ndani ya miaka mitatu.

Hapo ndipo panapoanza kisa chetu hasa, maana malaria iliondoka lakini homa ilibaki.

Mwaka 2005, katika vituo vinne vya afya vya Zanzibar, ulifanyika utafiti mmoja ambao naona kila mama angepaswa kuujua. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole, kilikuwa bado kipya. Watafiti wakawapanga wagonjwa wa homa 1,887 katika makundi mawili: wengine walipimwa, wengine walitibiwa kwa kuangaliwa tu kama zamani. Walioangaliwa tu, asilimia 85 walipewa dawa ya malaria. Waliopimwa, asilimia 36. Wahudumu wetu, ambao watu hupenda kuwasema, walikiamini kipimo na wakakifuata. Na waliopimwa walirudi kituoni kulalamika kuwa hawajapona mara chache zaidi kuliko wenzao.

Lakini katika jedwali lile lile kuna mstari mwingine. Wasiopimwa, asilimia 27 walipewa antibiotiki. Waliopimwa, asilimia 37. Yaani tuliufunga mlango mmoja wa kabati la dawa, mkono ukaenda kufungua wa pili.

Mimi siushangai mkono ule. Jiweke kwenye kiti cha mhudumu. Mbele yako kuna mtoto anayechemka, kipimo kinasema si malaria, na mama yake ametoka mbali, nauli amekopa, mdogo wake yuko mgongoni. Kipimo kimekwambia ugonjwa usiokuwepo, hakijakwambia uliopo. Kumwambia mama yule arudi nyumbani na panadoli kunahitaji moyo. Na nyuma ya kichwa chako iko nimonia, ambayo inaua kweli. Mwongozo wa kutibu watoto tunaoutumia, uliotoka Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya tisini, unakuambia uhesabu pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, huku anakohoa, mtibu kama nimonia. Mwongozo huo umeokoa watoto wengi sana. Ila mtoto mwenye homa kali na mafua naye huhema haraka, na pumzi peke yake haisemi imesukumwa na nini.

Sasa twende Kizimbani, pale pale penye mashamba ya viungo tunapowapeleka wageni kunusa mdalasini. Mwaka 2011, katika kituo cha afya cha hapo, watafiti waliwachunguza watoto 677 wa miezi 2 hadi 59 waliokuja na homa isiyo ya kulazwa. Hawakuishia kwenye tone la damu. Walichukua sampuli za puani na kooni, damu na kinyesi, wakavipeleka maabara ili wajue homa hii ya Unguja ya leo ni kitu gani. Jibu kwa wengi lilikuwa virusi: mafua ya aina hii na ile, vile vinavyoondoka vyenyewe. Baada ya majibu yote kuingia, walikadiria kwamba watoto 152 walikuwa na ugonjwa uliohitaji antibiotiki, asilimia 22. Waliopewa walikuwa 500, asilimia 74.

Ng'ambo ya bahari hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara, watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa undani wa namna hiyo. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, malaria karibu 11 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na kati ya hao ni watano katika kila mia ambao picha ya kifua ilithibitisha nimonia.

Najua shoga yangu mmoja ataniuliza: kwani ubaya uko wapi? Akinywa asichokihitaji, si bora kuliko kukosa anachokihitaji?

Swali zuri, na lilijibiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Desemba 1945, Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alipokwenda kupokea Tuzo ya Nobel alisimulia kisa cha kutunga. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu lakini inayotosha kuvifundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na penisilini haifanyi kazi. Bibi X anafariki. Fleming akawauliza waliomsikiliza: nani aliyesababisha kifo hiki? Mimi kila nikikisoma kisa hiki huona jinsi alivyokuwa na macho. Aliyekunywa ovyo hakudhurika, aliyelipa ni mke.

Hapa kwetu Bwana X yuko kila mtaa. Anaingia duka la dawa, anaomba vidonge vya rangi mbili, vinne tu, kwa sababu hela ya leo inatosha vinne. Na Bibi X ni nani? Ni mzazi aliyepasuliwa na mshono umeingia usaha. Ni mtoto mchanga wa siku tatu. Ni shangazi mwenye sukari aliyekanyaga mwiba pwani akichimba chaza, kidonda hakifungi, na dawa ikigoma kinachofuata ni mguu. Maradhi haya ya kudumu, sukari na presha, yamejaa majumbani mwetu kwa namna ambayo bibi zetu hawakuyajua, na mwenye nayo ndiye anayeihitaji antibiotiki iliyo hai kuliko sisi wenye mafua.

Kuna jambo jingine kuhusu presha ambalo halimo katika tafiti hizi, ni langu la kuangalia tu. Vituo vyetu vililelewa na homa. Homa ilitufundisha kwamba unaumwa, unakwenda, unapewa, unapoa, unaacha. Somo hilo tukalihamishia kwenye vidonge vya presha: kichwa kimetulia, basi kopo linawekwa juu ya kabati. Mwanamke huyo huyo humeza dawa ya mafua asiyoihitaji na kuiacha ya presha anayoihitaji, na kote anafuata desturi moja aliyorithi.

Nisieleweke vibaya, maana kuna koo ambalo halifai kupuuzwa. Aina moja ya bakteria wa kooni, kwa watoto hasa wa umri wa skuli, wasipotibiwa huweza baada ya wiki chache kuleta homa ya viungo, na homa hiyo ikijirudia huharibu milango ya moyo. Binti anaonekana mzima mpaka siku anapobeba mimba, na moyo unashindwa mzigo. Wagonjwa wa moyo wa namna hii hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, miaka kwa miaka, na sindano hiyo ni ya kuheshimiwa, isirukwe. Bahati ya ajabu ni kwamba bakteria hao mpaka leo hawajaweza kuishinda penisilini. Wengine wengi wameweza.

Basi tatizo lilikuwa kumtofautisha huyu na yule, pale kituoni, kwa dakika kumi. Hospitali kubwa zina maabara. Kizimbani ilikuwa na maabara ya watafiti, na watafiti huondoka.

Kati ya mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2016, Dar es Salaam, lilijaribiwa wazo la kumpa mhudumu kishikwambi chenye mwongozo wa hatua kwa hatua, kibanio cha kidoleni kinachopima hewa ya damu, na vipimo vichache vya tone la damu vinavyoonyesha kama mwili unapambana na bakteria. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa njia hii mpya, waliopewa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5. Kwa mwongozo wa kishikwambi usio na vipimo hivyo, 29.7. Na katika vituo vilivyoendelea kutibu kama kawaida yao, bila kishikwambi chochote, ilikuwa karibu 95. Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo alilotaka kujua yule shoga yangu: watoto waliopewa dawa chache zaidi ndio waliopona vizuri zaidi. Ambao matibabu yao hayakufaulu hadi siku ya saba walikuwa asilimia 2.3, na kundi la pili 4.1. Kipimo kilipotazama vizuri, kiliwaona hata wale wagonjwa kweli ambao jicho lingewapita.

Toleo lililoboreshwa lilipelekwa baadaye katika vituo vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 40 vilishiriki, nusu vikapewa, nusu vikaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Penye kishikwambi, watoto 23 katika kila mia walitoka na antibiotiki. Pasipo nacho, 70. Walipofuatiliwa baada ya wiki moja, waliokuwa bado hawajapona walikuwa karibu sawa pande zote mbili.