Dirhamu za Sinaw na Hazina za Kaskazini

Mwaka 1979 katika mji wa Sinaw, Sharqiyah, Oman, pembeni mwa jangwa, kilifukuliwa chungu kilichojaa dirhamu, yaani sarafu za fedha, zaidi ya 900, kongwe zikiwa za wafalme Wasasani wa Uajemi na mpya kabisa za karibu mwaka 840. Hazina hiyo yastahili kusomwa pamoja na zile za Waviking, mabaharia wa Skandinavia wa karne ya 8 hadi ya 11, kwani fedha ya miji ya Khalifa, kama Wasit na Baghdad, ilikwenda kusini hadi Oman na vilevile kaskazini, kwa njia ya mto Volga, hadi kisiwa cha Gotland, ambako hazina ya Spillings, iliyogunduliwa 1999, ilikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi mno zikiwa dirhamu. Huko Cuerdale, Uingereza, mwaka 1840, dirhamu zilikutwa hata pamoja na vipande vya mapambo ya Ireland, nchi ya Wakelti.

Tangu mageuzi ya Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, mwishoni mwa karne ya 7, dirhamu iliandikwa mji ilikopigwa na mwaka wake wa Hijria, hivyo sarafu mpya kuliko zote humwonyesha mwanaakiolojia mwaka ambao kabla yake chungu hakingeweza kufukiwa. Thamani ya maandishi hayo hudhihirika Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala, kama Ali bin al-Hasan, lakini bila mwaka wala mji, ikabidi umri wake ukisiwe kwa dinari chache za dhahabu za Wafatimi zilizokuwamo.

Njia hiyo ya kusoma hufaa kote, lakini sababu ya kufukia haihamishiki kwa wepesi. Watafiti wa kaskazini mara nyingi huona hofu ya vita nyuma ya hazina, ilhali mwaka 840 Oman ilitawaliwa na Maimamu wa Kiibadhi waliokaa Nizwa tangu 793, na jeshi la Muhammad bin Nur, liwali wa Khalifa, lililoharibu hata aflaji, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, halikufika hadi 893. Yaelekea zaidi kuwa chungu cha Sinaw kilikuwa akiba ya biashara, katika mji ambao hadi leo soko lake huwakutanisha mabedui na watu wa bara, na ambako sarafu ya dola iliyoanguka katika karne ya 7 iliendelea kukubaliwa kwa ajili ya fedha iliyomo.