Tongoni: Mji Mkuu wa Zamani wa Maniema

Mto Lualaba umeugawa mji wa Kindu sehemu mbili. Tarafa za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, penye kituo cha reli. Alunguli iko peke yake ukingo wa mashariki, na watu huifikia kwa kuvuka mto. Ukingo huo wa Alunguli ndio ulio na Kasongo, zaidi ya kilomita 200 kusini. Kindu ni makao makuu ya jimbo tangu Maniema ilipotengwa na Kivu mwaka 1988. Karne moja kabla ya hapo makao ya utawala yalikuwa Kasongo.

Anayeizuru Kasongo kwa matumaini ya kuona fahari ya kale hana budi kujitayarisha. Kandy, mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Sri Lanka hadi mwaka 1815, bado una hekalu la jino la Buddha na majengo ya kifalme. Kasongo haina hekalu wala kasri. Ina jina: mahali palipokuwa na mji wa zamani huitwa Tongoni. Tongo ni mahame, kiwanja cha makazi yaliyoachwa, na wenyeji wa Tanga wana Tongoni yao, yenye magofu ya msikiti na makaburi. Neno hilo la pwani, kukutwa katikati ya bara, ni ushahidi ambao mwanahistoria hapaswi kuupita.

Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake tangu mwaka 1875 hivi. Kumwita mfalme ni kukosea. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyejikusanyia madaraka ya kutoza kodi na kuamua kesi. Alipoondoka kurudi Unguja mwaka 1890, mwanawe Sefu alibaki akitawala. Vita na Dola Huru ya Kongo vilianza mwaka 1892. Nyangwe, soko kuu la ukingoni mwa Lualaba, ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu aliuawa mwaka huohuo.

Sidney Hinde, tabibu Mwingereza katika jeshi la Francis Dhanis, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Anaeleza jinsi askari walivyokuta vitanda vya magodoro laini, sukari, mishumaa, vyombo vya fedha, na bustani zenye michungwa na mikomamanga. Jeshi lililodai kuja kukomesha ushenzi lilistaajabia raha za mji lililoupora. Lakini ushahidi wa Hinde usomwe kwa hadhari, na si kwa sababu tu ni wa mshindi. Raha hizo zililipiwa kwa pembe zilizobebwa vichwani na mateka, na bustani zililimwa na watumwa. David Livingstone alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Tukio hilo nalo ni sehemu ya urithi wa utawala huu.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Wazao wa waungwana na wazao wa waliotekwa wamechanganyika, wanasali pamoja, na wote husema Kingwana, lugha iliyopewa jina la hao waungwana. (Wengi wa waungwana hao walikuwa wenyewe watumwa wa watu wa pwani, uungwana walijipatia bara.) Kuuita mji ule "wa Waarabu", kama vitabu vya kikoloni vilivyozoea, ni kuwafuta waliousimamisha kwa mikono yao, wengi wao watu wa Maniema yenyewe.

Tippu Tip alijiandikia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Nyumba yake ya Shangani, Unguja, alikofia mwaka 1905, wageni huionyeshwa. Sauti ya mwenye mji haikupotea. Ya waliomjengea haimo katika kitabu chochote cha wakati ule. Watafiti wa karne hii wamechimba Kasongo-Tongoni na kukusanya masimulizi ya wazee wa Maniema. Katika kazi hizo mbili, ya masimulizi ndiyo yenye haraka: vigae vitangoja udongoni.