Zebaki haina harufu: jinsi ya kuitenga kazi ya dhahabu na nyumba ya kulala



Mara ya kwanza kuona dhahabu ikichomwa, ilikuwa juu ya jiko la makaa lililotoka kupikiwa ugali. Nilikwenda Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, kuhudhuria nikaha upande wa shemeji zangu. Kendu Bay ina Waislamu wa tangu zamani, na mtu wa Mombasa hajioni mgeni sana pale. Baada ya walima, kijana mmoja wa ukoo alinichukua hadi Nyatike, kaunti ya Migori, anakofanya kazi ya machimbo.

Uani kwa jirani yake, mama mmoja alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Mkononi alishika kijiko cha zamani chenye kidonge cha rangi ya fedha, kikubwa kama punje ya kunde. Akakiweka juu ya makaa. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili, naye akacheka kwa kuiona kofia yangu na woga wangu. "Shehe, usiogope," akaniambia, "hii haina harufu."

Neno lile sijalisahau, maana kukosa harufu ndiyo hatari yenyewe. Nimeandika makala haya ili ndugu zetu wenye jamaa, wapangaji au biashara Migori na Homa Bay wawe na kitu cha kuwatumia.

Kwa nini yatuhusu sisi wa pwani

Sisi tunaujua msiba wa madini ndani ya makazi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, ile metali, hadi kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Fidia ikija, mtoto aliyekwisha kudhurika ubongo harudi alivyokuwa.

Migori hakuna kiwanda kimoja cha kushtakiwa. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, na tangu hapo dhahabu huchimbwa na wachimbaji wadogo: Osiri, Macalder, Masara, Kitere na kwingineko. Mawe husagwa, unga huoshwa kwenye karai, kisha humwagiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Kinachobaki ni kidonge ambacho karibu nusu yake ni zebaki. Kukichoma ni kuifukuza zebaki ili dhahabu ibaki. Lakini inafukuzwa iende wapi? Ikiwa ni jikoni, inaingia vifuani mwa waliomo jikoni.

Zebaki mwilini

Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na ikifika nyuzi 357 za Selsiasi huchemka. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na ni mzito kuliko hewa. Mtu akiuvuta, sehemu kubwa, kama asilimia 80, hubaki mwilini. Huenda kwenye ubongo na figo, na kwa mwanamke mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Iliyomwagika kwenye mchanga hubebwa na mvua hadi mtoni. Mto Migori unaungana na Kuja, na Kuja unaingia ziwani huko Nyatike, jirani na wavuvi wa Suba, Homa Bay. Majini, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayopanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa anayekula wenzake, kama mbuta. Kwa hiyo hata asiyechimba ana haki ya kuuliza kazi hii inafanywa vipi.

Mkataba unasema nini

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, unazitaka nchi zikomeshe mambo manne: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa bila kwanza kuyachuja, kuchoma kidonge mahali pa wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye mchanga wenye zebaki. Nchini kwetu, Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa njia ya kupata kibali.

Mahali pa kazi pawe vipi

Bora ni kutotumia zebaki kabisa, na nitalieleza hilo mbele. Lakini kwa ambaye leo bado anaitumia, haya ndiyo ya lazima.

1. *Nje ya makazi.* Si jikoni, si barazani, si chumba cha pili. Kikundi kijenge banda moja la pamoja mbali na nyumba, shule na kisima, na upepo uwe unatoka kwenye nyumba kwenda bandani. Wajawazito na watoto wasifike hapo.

2. *Sakafu ya saruji laini isiyo na nyufa,* yenye ukingo ulioinuka. Zebaki ikidondokea kwenye udongo, mkeka au zulia, haitoki. Kazi ifanyiwe ndani ya sinia pana la plastiki gumu. Usitumie sufuria ya alumini, maana zebaki huila.

3. *Hewa ipite.* Banda liwe na paa, na pande mbili au zaidi ziwe wazi. Chumba kilichofungwa ni kaburi.

4. *Ritoti.* Hiki ni chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hurudi kuwa zebaki na kudondoka, na ritoti nzuri hunasa zaidi ya asilimia 90. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda, ila asitumie shaba wala mabati. Mdomo wa bomba usizamishwe majini, maana chombo kikipoa huvuta maji ndani ya chuma cha moto na kinaweza kupasuka. Usikifungue mpaka kipoe kabisa.

5. *Barakoa.* Kitambaa na barakoa za hospitali hazizuii mvuke wa zebaki. Inayofaa ni yenye kichujio cha mkaa kilichotengenezwa kwa ajili ya zebaki. Asiye nayo asijidanganye na leso.

6. *Nguo.* Ziwe za kazi tu, zibaki bandani, zifuliwe peke yake. Usimpakate mtoto na nguo hizo. Vua pete na bangili, maana zebaki huishika dhahabu unayovaa kama inavyoishika ya kwenye karai.

7. *Kuhifadhi.* Chupa nene yenye kifuniko madhubuti, maji kidogo juu ya zebaki, jina limeandikwa, na kufuli. Isiwe chupa ya soda, na isikae chini ya kitanda.

8. *Ikimwagika,* toa watoto, fungua madirisha, usifagie. Ufagio huigawa vipande vidogo zaidi vinavyotoa mvuke mwingi. Ikusanye kwa karatasi ngumu, iingie kwenye chupa. Vijipunje vilivyobaki vinase kwa utepe wa gundi.

9. *Mchanga uliooshwa* usiende mtoni. Uwekwe kwenye shimo lililosakafiwa.

Na baruti

Machimboni kuna pia baruti ya kupasulia mwamba. Hii haina banda la nyumbani hata uliweke vipi. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inataka vibali vya kuinunua, kuihifadhi na kuitumia. Vivyo hivyo risasi za bunduki: kutengeneza au kujaza nyumbani bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukikuta kiwashio cha baruti kwenye kabati la mpangaji wako, usikiguse, ita polisi.

Njia isiyo na zebaki

Unga ukichujwa vizuri kwa maji na meza ya kutikisa, dhahabu hubaki na uchafu mdogo. Uchafu huo huyeyushwa pamoja na boraksi, ambayo masonara wetu wazee wanaiita tinikali na kuitumia kuungia. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wamefanya hivi kwa miaka mingi. Huku kwetu, mradi wa planetGOLD umekuwa ukiwafundisha wachimbaji wa Migori na Kakamega kuachana na zebaki.

Ugumu mmoja ni pesa. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayempa mchimbaji zebaki, kwa sharti amuuzie yeye dhahabu. Maskini hachagui. Ndiyo maana kumlaumu yule mama wa Nyatike si haki, na kumwambia "acha" bila kikundi, banda na mnunuzi mwingine ni maneno ya barazani.

Dalili

Mikono kutetemeka, kusahau, hasira za ghafla, kukosa usingizi, ladha ya chuma mdomoni, kikohozi na kubanwa kifua baada ya kuchoma. Ukiziona nenda hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba unafanya kazi na zebaki, vinginevyo utatibiwa malaria. Mkojo unaweza kupimwa.

Neno la mwisho ni kwa masonara wetu wa Mji wa Kale na kwingineko. Dhahabu iliyochomwa kule bado hubaki na zebaki kidogo, nayo hutoka unapoiyeyusha wewe dukani. Weka kofia ya kuvuta hewa, na muulize anayekuletea imechomwa wapi. Sisi wateja nasi tuulize. Binti yangu ataolewa siku moja, na atavaa bangili kama mama yake. Sitaki ziwe zimechomwa na mama mwenye mtoto mgongoni.

Nilipoagana na yule mama nilimwambia jambo moja tu: jiko la dhahabu lisiwe jiko la ugali, na mtoto abaki kwa bibi yake. Kijana wetu aliniambia baadaye kwamba wamepata wenzao sita na wanatafuta kiwanja cha banda. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi.