Saisi na Hesabu ya Farasi

Ukitembea kutoka Ngara kuelekea Kariokor utapita barabara inayoitwa Racecourse. Kuna matatu, mikokoteni na maduka, lakini farasi humwoni. Jina limebaki kwa sababu hadi mwaka 1954 mbio za farasi za Nairobi zilifanyika upande huu wa mji, karibu na Eastleigh. Mwaka huo zikahamishiwa Barabara ya Ngong, kando ya msitu. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, serikali ya kikoloni iliendesha Operesheni Anvil na kuwazoa Waafrika kwa maelfu kutoka mitaa ya Nairobi, wengi wao wakipelekwa kambini. Mambo hayo mawili sijawahi kuyakuta kwenye ukurasa mmoja wa kitabu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa saisi katika mazizi ya Barabara ya Ngong. Mjomba alirithi kazi hiyo na anaifanya mpaka leo. Saisi ni mtunza farasi, na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Yeye ndiye huamka kabla ya alfajiri kusafisha zizi, kupima chakula, kumpiga farasi brashi, kumtembeza baada ya mazoezi na kumpapasa miguu akitafuta joto lisilo la kawaida. Mkufunzi husifiwa, mwenye farasi hupigwa picha, na saisi huonekana pembeni ya picha hiyo akiwa ameshika hatamu.

Nilipoanza shahada ya uzamili niliwaza kuandika kuhusu kushuka kwa mbio za farasi Nairobi. Maelezo ya kawaida unayajua: gharama za kufundisha farasi zimepanda mno. Nilikwenda kwa mjomba nikiwa na maelezo hayo tayari kichwani, nikitaka tu anipe mifano.

Mifano alikuwa nayo tele. Farasi wa mbio mwenye uzito wa kilo 450 au 500 anakula takriban kilo 10 kwa siku, nyasi kavu na nafaka pamoja. Hiyo ni kama kilo 300 kwa mwezi kwa farasi mmoja, awe ameshinda au ameshika mkia. Viatu hubadilishwa kila baada ya wiki nne hadi sita, na fundi wa viatu vya farasi si mtu unayempata kila kona. Kupe huleta homa. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosambazwa na visubi na kuua upesi, kwa hiyo chanjo haikwepeki. Mwenye farasi humlipa mkufunzi ada ya kila mwezi, halafu daktari, joki na ada ya kuingia mbio huja juu yake.

Kisha mwaka 2020 korona ikafunga uwanja. Farasi hawakufunga midomo. Mvua zikakosa kunyesha ipasavyo misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na wafugaji wa ng’ombe wakawa wanagombea marobota yaleyale ya nyasi. Katikati ya hayo, vita vya Ukraine vikapandisha bei ya nafaka. Wakati huohuo kijana anayetaka kubahatisha ana simu mfukoni na ligi nzima ya Uingereza mbele yake. Hana haja ya kupanda matatu Jumapili hadi Ngong kumwekea farasi pesa.

Nikaandika yote. Mjomba akaniangalia, akauliza, “Na zamani ilikuwa rahisi?”

Swali hilo ndilo lililonirudisha maktaba.

Haikuwa rahisi. Fikiria Njoro, ambako Charles Clutterbuck, baba yake Beryl Markham, alikuwa na shamba, kinu cha unga na mazizi ya farasi wa mbio. Shamba na kinu ndivyo vilivyobeba farasi. Ukame ulipokuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa tayari amesaini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa. Bei ya nafaka ikapanda, naye akawa ananunua ghali na kuuza kwa hasara. Alifilisika, farasi wakauzwa, akaenda Peru kuwafundisha farasi wa watu wengine. Bei ya nafaka, kumbe, ilimwangusha mkufunzi wa Kenya miaka mia moja kabla ya Ukraine.

Hakuanguka peke yake. Mwaka 1920 rupia ya Afrika Mashariki iliwekwa kwenye kiwango cha shilingi 2 badala ya shilingi 1 na peni 4, na madeni ya walowezi, yakihesabiwa kwa pesa ya Uingereza, yakakua kwa nusu. Halafu bei za mazao yao zikaporomoka. Walifanya nini? Mwaka 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi ya kibanda ilikuwa imepanda na kila mwanamume Mwafrika akitakiwa kubeba kipande. Harry Thuku akapinga, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Najua tukio hilo hufundishwa chini ya kichwa cha siasa. Mimi nalisoma pia kama sura ya historia ya farasi. Saisi alikuwa mfanyakazi wa mlowezi kama wengine. Mchezo uliomudu nafaka ghali ulikuwa umesimama juu ya ardhi iliyochukuliwa na mshahara ambao mwajiri aliweza kuukata kwa azimio la mkutano.

Beryl Markham alipata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, baada ya baba yake kuondoka. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child, mwenye miguu mibovu, alishinda St Leger ya Nairobi, na baadaye Beryl akaja kushinda Kenya Derby mara sita. Ni mkufunzi hodari, sina ubishi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1942 kinaonyesha pia kwamba pembeni yake alikuwapo arap Ruta, rafiki wa utotoni, ambaye utuuzimani akawa mtumishi wake. Watoto wawili walikua pamoja Njoro. Mmoja akawa memsahibu. Beryl mwenyewe alifia Nairobi mwaka 1986, baada ya miaka ya uzee na ufukara katika nyumba ndogo kwenye ardhi ya uwanja wa mbio. Mchezo huu haukumlipa hata yeye sana.

Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi makubwa yaliuzwa au kugawanywa. Uwanja ukatafuta riziki kwingine: leo kuna gofu katikati yake, na kila mwaka hufanyika Concours d’Elegance, maonyesho ya magari ambayo yanavuta umati mkubwa wa vijana wenzangu. Gari halili likiegeshwa.

Kwa hiyo nikisikia kwamba gharama zimepanda, sibishi, ila naongeza swali: zilikuwa zimeshushwa na nani? Farasi amekula kiasi kilekile tangu enzi za Clutterbuck. Na bei inapopanda, mkono bado huenda kwanza pale ulipozoea. Mwaka 2022 mkufunzi mmoja, ambaye sitamtaja, aliwaachisha kazi masaisi wawili. Mjomba, aliyekuwa akitunza farasi wawili, akapewa wa tatu kwa mshahara uleule.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alinionyesha daftari lake. Kurasa za mbele zina majina ya farasi, tarehe za viatu na dawa. Za nyuma zina madeni ya dukani: unga, sukari, vocha za simu. Kati yake kuna ukurasa mmoja aliouchorea mistari na kuuacha bila jina, kwa sababu kuna mazungumzo kwamba farasi wa nne ataletwa, na bado hajaambiwa.