Pointi Mia za Wilt Chamberlain

Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 kwenye mechi moja. Timu yake, Philadelphia Warriors, iliipiga New York Knicks 169 kwa 147. Watazamaji hawakufika hata 5,000 na televisheni haikuwapo. Hadi leo hakuna mchezaji wa NBA aliyefikia idadi hiyo.

Msimu huo alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Halafu Warriors wakatolewa na Boston Celtics katika mechi ya saba, kwa pointi mbili tu. Hapo ndipo ubishi ulipokolea: mtu kama huyu anaisaidia timu au anaiumiza?

Wanaomlaumu wana hoja. Mpira ukienda kwa mmoja kila mara, wenzake wanne wanageuka mashabiki walio ndani ya uwanja. Yeyote aliyecheza kikapu mtaani anamjua mtu huyo: ukishamrushia mpira, sahau, haurudi. Tena wanakuonyesha msimu wa 1962–63, timu ilipohamia San Francisco. Wilt alifunga wastani wa 44.8, lakini Warriors wakashinda mechi 31 na kupoteza 49.

Mimi hesabu hiyo hainitoshi. Paul Arizin, mfungaji wao mkongwe, alistaafu kuliko kuhama Philadelphia. Tom Gola naye akapelekwa New York msimu ukiwa unaendelea. Sasa nani mwingine angefunga? Pointi nyingi za mtu mmoja zinaweza kuwa dalili ya timu iliyopungukiwa, si ugonjwa wenyewe. Na usisahau, mwaka wa zile pointi mia, kocha Frank McGuire mwenyewe ndiye aliyetaka Wilt apige mipira kwa wingi vile. Mtu hulaumiwi kwa kufanya kazi uliyomtuma.

Tazama pia walivyokuwa kabla yake. Msimu wa 1958–59 Warriors walishinda 32 na kupoteza 40. Wilt akaingia, wakashinda 49 na kupoteza 26. Walipomuuza kwa Philadelphia 76ers Januari 1965, walikuwa tayari wanaanguka, lakini kumwondoa hakukuwaponya: walimaliza msimu na ushindi wa mechi 17 kati ya 80.

Kule 76ers, kocha Alex Hannum alimwomba kitu tofauti: apige kidogo, agawe zaidi, alinde kikapu. Msimu wa 1966–67 wastani wake ukashuka hadi 24.1, na pasi zake zilizozaa pointi zikakaribia 8 kwa mechi. Timu ilishinda 68, ikapoteza 13. Ikawaondoa Boston, waliokuwa wametwaa ubingwa miaka minane mfululizo, kisha ikachukua taji mbele ya nani? Mbele ya Warriors walewale.

Ningeweza kuishia hapo na kusema ati dawa ni kugawa mpira. Lakini mwaka uliofuata Wilt aliongoza ligi nzima kwa jumla ya pasi za kufungisha, na 76ers, wakiwa mbele ya Boston 3 kwa 1, wakapoteza mechi tatu mfululizo. Katika nusu ya pili ya mechi ya saba Wilt alijaribu kufunga mara mbili tu. Safari hii watu wakauliza mbona hakupiga! Akifunga mno ni mchoyo, akigawa mno ni mwoga.

Wanaomlinganisha na Bill Russell husema Russell alipata mataji 11 katika misimu 13. Kweli kabisa. Lakini Russell alikuwa na Red Auerbach, na akina Bob Cousy, Sam Jones na John Havlicek wa kufunga. Yeye hakuombwa pointi 50.

Mwaka wa 1972, akiwa Los Angeles Lakers, Wilt alifunga wastani wa 14.8. Lakers walishinda mechi 33 mfululizo na kubeba kombe. Katika misimu yake 14, alikosa mechi za mchujo mara moja tu na kufika fainali mara sita. Nikiulizwa, nasema alizisaidia timu zake. Iliyobaki ni kuwauliza waliomwajiri: mlimwomba afanye nini, na mlimpa nani wa kusaidiana naye?