Historia Ndogo ya Kidole Gumba na Ndege

Ikitajwa historia ya ndege wengi wetu tunakimbilia kwa akina Wright na mwaka wao wa 1903. Sawa. Lakini ipo historia nyingine, ya ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio, ambayo mimi imenivuta zaidi. Ni historia ya swali moja: mtu aliyesimama ardhini akisogeza kidole gumba kidogo tu, kibao cha kwenye bawa au mkia wa ndege kiende umbali gani?

Mwanzoni swali hilo halikuwa na maana. Mwaka 1937 mapacha wa Kimarekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya redio iliyoitwa Guff. Kwa miaka mingi baada ya hapo, redio nyingi zilijua maneno mawili tu: washa na zima. Unabonyeza kitufe, mpira uliosokotwa ndani ya ndege unaachia hatua moja, usukani wa mkia unakwenda mpaka mwisho. Hakuna nusu, hakuna robo!

Vikafuata vibapa vya chuma vinavyotetema, kila kimoja kwa sauti yake. Sasa uliweza kuongoza mabawa, mkia na injini, lakini lugha ilikuwa ileile. Mabingwa walijifunza kugusagusa swichi harakaharaka ili kibao kisifike mwisho.

Mageuzi yalikuja miaka ya 1960, ulipoenea mfumo wa uwiano. Kijiti kikienda robo, kibao nacho robo. Phil Kraft, Mmarekani aliyetengeneza redio za aina hiyo, akawa bingwa wa dunia wa sarakasi za ndege hizi mwaka 1967.

Tatizo likaisha? Hapana, lilibadilika sura. Ndege ya sarakasi inataka vibao viende mbali. Zile zinazosimama wima hewani zikining'inia kwenye propela, vibao vyao vya mkia hufika nyuzi 45 na zaidi. Kwa uwiano ulionyooka, kidole kikitetemeka tu, ndege inarukaruka kama mbuzi. Ukipunguza mwendo wa vibao unapata utulivu, lakini nguvu unaikosa pale unapoihitaji kuitoa ndege kwenye mzunguko unaoelekea ardhini. Swichi ya viwango viwili husaidia, ila inakudai ukumbuke kuibonyeza katika sekunde mbaya kuliko zote.

Jibu likawa ekspo. Kijiti kinalainishwa karibu na katikati, mwishoni kinabaki na nguvu zote. Chukua kanuni ya mchemraba na ekspo ya asilimia 50: kijiti kikiwa nusu ya safari, kibao kimekwenda kama asilimia 31 tu. Kijiti kikifika mwisho, kibao nacho kimefika.

Lakini ekspo si dawa ya kila ugonjwa. Kwanza unapanga mwendo wenyewe kwa mikono: urefu wa mkono wa sevo, na tundu la kuchomekea waya kwenye kibao. Ukiacha mkono mrefu halafu ukaubana kwa redio, unapoteza sehemu ya nguvu na usahihi wa sevo. Ekspo huja baadaye.

Na kuna mtego. Kwenye redio za Futaba, kulainisha ni alama ya kutoa. Kwenye JR na Spektrum, ni alama ya kujumlisha. Aliyehama kampuni akabeba tarakimu zake pamoja na alama, anarusha ndege iliyo kali zaidi palepale alipotaka ulaini. Kazi ya miezi inaishia kwenye majani, kwa kosa la kistari kimoja!

Sisi waandishi wa habari tumezoea kupima maendeleo kwa nguvu: kasi zaidi, ukubwa zaidi, umbali zaidi. Historia hii inaniambia kitu kingine. Watu walihangaika kwa miongo kuipa ndege uwezo wa kugeuka utakavyo, kisha ikabidi watafute hesabu ya kuuzuia mkono usiutumie uwezo wote bila kukusudia. Hata droni nyingi za kupigia picha za harusi zina mpangilio huo ndani yake. Ile picha inayoteleza taratibu juu ya maharusi, bila kushtuka, imerithi jasho la warukaji hawa.

Nguvu ilipatikana mapema. Ulaini ndio uliochelewa.